Namaliza ubunifu wa mavazi Julai: siku hizi anatakiwa anayejua kushona au anayejua kuuza?

#1 Bint_Kikwajuni
Asalaam aleikum.

Mie mtoto wa Kikwajuni, nnasoma stashahada ya ubunifu wa mavazi Dar, na Mungu akipenda Julai namaliza. Kadiri Julai inavyosogea ndivyo usingizi unavyopungua. Tumesomeshwa patani (vipande vya karatasi vya kukatia nguo), kukata, darizi ya mashine, historia ya vazi, na muhula huu wa mwisho tumetiwa kwenye masoko: rangi ya mwaka ya Pantone, ile kampuni ya rangi (mwalimu katushikisha Mocha Mousse, kahawia ile), kutumia watu maarufu wa mitandaoni, kulijenga jina lako. Somo nimelipenda, na ndilo lililonitia wasiwasi.

Nikirudi likizo naona mambo mawili. Waliosoma mbele yangu, wenye mikono mizuri kuliko mie, mmoja yuko kaunta ya duka la simu Darajani, mwengine yuko nyumbani tu. Halafu kuna msichana mtaani kwetu hajui hata kutia uzi kwenye charahani. Kazi anawapa mafundi, yeye anavaa, anajirekodi TikTok, na oda zimemjaa. Kwa hivyo nnasema, na mnipinge: kushona si mali tena, mali ni kuuza. Kama ndivyo, miaka hii nimesomea nini? Nitafute ajira, nifungue changu, au nikasomee ualimu kama anavyotaka bi mkubwa?

#2 FundiHaji
Wa aleikum salaam. Kushona si mali? Ngoja Ramadhani iingie kumi la pili, uje kibandani kwangu Mwembeladu, uyaseme maneno hayo mbele ya watu waliokaa kwenye benchi wanasubiri nguo za Idi. Mie hufunga kupokea kazi mapema kabisa, na bado wanakuja na mama zao kunibembeleza. Mwenye mkono hakosi.

#3 Yakhe_wa_Shangani
Fundi usitutishe. Kanzu yangu ya Idi ya mwaka juzi bado iko kwako.

#4 FundiHaji
Hukumalizia pesa.

#5 Mali_ya_Mchangani
Mie nauza vitambaa Mchangani, namuona mteja kabla hajafika kwa Fundi Haji. #1 na #2 nyote mmeliruka tatizo lenyewe: nguo inashuka bandarini imeshashonwa. Zamani mwanamke akiingia dukani anauliza mita ngapi zitamtosha. Sasa ananionesha picha kwenye simu, anauliza kama ninayo tayari. Abaya za Dubai, magauni ya Uturuki, vya China, na chini ya vyote hivyo mitumba. Mtu aliyekata abaya mia tano kwa meza moja hutomshinda kwa bei, hata utangazwe na nani. Shein, duka la mtandaoni, peke yao huingiza mitindo mipya kwa maelfu kila siku. Wewe utabuni mingapi?

Nafasi ipo pale nguo iliyo tayari isipofika. Mwili usiofuata saizi za kiwandani. Vazi la bibi harusi. Sare za harusi. Watoto watatu wa Idi ambao mama yao anataka wafanane na baba yao.

#6 Mama_Nasra
Bint, huyo mwenye oda zimejaa, uliwahi kumuuliza anachobakiwa nacho?

Mtoto wa dada yangu anafanya biashara hiyo hiyo na mie ndiye mshika daftari wake. Siku moja tulikaa tukapiga hesabu ya gauni moja lenye bitana. Kitambaa mita tatu kwa 8,000, ni 24,000. Bitana mita mbili kwa 4,000, ni 8,000. Zipu, uzi na vifungo 3,000. Umeme na kodi ya kibanda, ukizigawa kwa nguo anazotoa kwa mwezi, 4,000. Mkono wake wa siku nzima tukauwekea 15,000, na hapo tumejidhulumu. Inakuja 54,000. Yeye alikuwa anauza 45,000 kwa sababu jirani anauza 45,000, na bado wapo wanaoomba wapunguziwe kwa undugu. Yaani kila gauni anatoa 9,000 ya jasho lake apate kumvisha mtu, kisha anamshukuru.

Video zilikuwa nzuri sana, sikatai. Mashabiki kibao.

#7 Bint_Kikwajuni
Mama Nasra ahsante, nimeipiga picha hesabu yako. Chuoni tulifundishwa gharama, lakini mfano ulikuwa wa kiwanda chenye mashine mia mbili. Hakuna aliyetufundisha shangazi anayeomba punguzo.

Ila mbona ajira hamuigusi?

#8 KijanaWete
Ajira ipi? Huku Pemba wapo wanawake wenye ujuzi ambao chuo chako hakina mwalimu wake: kofia za mkono, tundu moja moja kwa sindano. Kofia nzuri inaweza kula mwezi na zaidi, maana inashonwa baina ya shamba na jiko. Mchuuzi anakuja, anazikusanya, zinavuka Unguja, nyengine zinakwenda Oman, na kila mkono zinaopitia bei inapanda. Mama yangu hajapata kujua ni nani aliyeivaa kofia yake hata moja.

Ndiyo maana simkubalii Fundi Haji. Mkono upo, tena mkono hasa, na pesa inabaki kwa mwenye namba ya simu ya mnunuzi. Bint kasema kweli #1, ila kwa sababu nyengine.

#9 Nipo_Muscat
Huku kofia ya mkono inavaliwa kila siku, si Ijumaa tu, na mtu anaigeuza ndani kuangalia kama ni ya mashine kabla hajauliza bei. Soko lipo. Lakini KijanaWete usimlaumu sana mchuuzi. Yeye ndiye anayetoa pesa taslimu siku ile ile, na kofia isipouzika hasara ni yake.

#10 KijanaWete
Umesema kama mchuuzi.

#11 Nipo_Muscat
Mjomba wangu ni mchuuzi, ndiyo. Kuna ubaya?

#12 Bi_Stara
Habari zenu. Bint, mwalimu wako amechelewa: Mocha Mousse ilikuwa ya 2025. Ya 2026 ni Cloud Dancer, ambayo ni nyeupe.

#13 Yakhe_wa_Shangani
Nyeupe? Basi kila Ijumaa na kanzu zetu pale msikiti wa Malindi tunatoka kwenye maonesho ya mitindo na hatujui.

#14 Bi_Stara
Cheka, lakini umeligusa lenyewe. Dunia inakimbilia vazi la stara. Modanisa, duka la mtandaoni la Uturuki, ilianza 2011, Dolce & Gabbana wakatoa abaya na hijabu zao 2016, Nike nao hijabu ya michezo 2017. Nguo walizovaa bibi zetu zimekuwa soko la makampuni makubwa, na sisi tuliokaa ndani yake tunapanda boti kwenda Kariakoo kununua abaya iliyopita Dubai. Namkubali Mali_ya_Mchangani kwamba bei hatuwezi. Simkubali kwamba tumebakiwa na sare za harusi tu. Abaya ya Dubai imekatwa kwa mwanamke anayetoka kwenye gari lenye kiyoyozi. Ya mtu anayepanda daladala ya Kwerekwe saa saba mchana, kitambaa kinachopumua, mfuko wa simu ndani, mkono usiozama kwenye sufuria, iko wapi? Hiyo ndiyo kazi ya mtu aliyesomea ubunifu, na fundi wa kunakili picha haifanyi.

#15 Mama_Nasra
Mfuko wa simu ndani!!! Nipo wa kwanza kwenye foleni.

#16 FundiHaji
Mfuko naweka mie kila siku, mseme tu.

#17 DadaWaPaje
Mmefika #16 bila kumtaja mtalii. 2024 waliingia zaidi ya laki saba. Wanapita mtaa wa Gizenga wananunua suruali pana zilizochorwa tembo. Tembo gani kaonekana Unguja? Na wengi wakishuka mjini na kaptura wanaambiwa wafunike mabega na magoti, wanatafuta cha kujisitiri pale pale. Kitu chepesi cha kanga, saizi moja kwa wote, kimekunjwa kwenye kifuko kidogo kisicholemea begi la ndege: hiyo ndiyo bidhaa, na haihitaji mtu maarufu wa kuitangaza. Mbunifu Doreen Mashika kajijengea jina hapa hapa Mji Mkongwe na bei zake hazioni haya. Maduka ya Sasik na Upendo nayo yanawauzia wageni kazi za mikono ya wanawake wa hapa.

Na ajira uliyoiulizia #7 ni hoteli. Sare za wahudumu, mapazia, foronya za mito. Nazungumza na kidonda: tuliwashonea hoteli moja ya pwani ya mashariki, kazi ikapokewa kwa vifijo, malipo yakaja msimu mwengine. Chukua nusu kabla mkasi haujagusa kitambaa. Na Aprili na Mei, mvua za masika, nyengine hufunga kabisa, kwa hivyo weka akiba.

#18 Yakhe_wa_Shangani
Hapo kwenye kanga naunga mkono, maana kanga ni yetu na inachapishwa hapa hapa, hakuna wa kutushinda.

#19 Mali_ya_Mchangani
Inachapishwa wapi, yakhe? Doti nyingi dukani kwangu zinatoka India, nyengine viwanda vya Bara. Hata ile "Mali ya Abdulla" ambayo mabibi wa hapa wanaapa nayo ni ya Mombasa, ya Kaderdina Hajee Essak. Majina ni ya kwetu, mapenzi ni ya kwetu, wino wa wenzetu. Kwa hivyo Bint ukitia lebo, andika "imeshonwa Zanzibar". Usiandike zaidi ya hapo. Kuna wateja wa Ulaya wanauliza kitambaa kimetoka wapi mpaka unatoka jasho.

#20 Yakhe_wa_Shangani
Kumbe na wewe jina umelikopa kwa Abdulla. Haya, basi aende Swahili Fashion Week, si ndiyo ya Wazanzibari ile?

#21 Bi_Stara
Si ya Zanzibar. Ilianzia Dar 2008 na mwanzilishi ni Mustafa Hassanali, ambaye alisomea udaktari wa binadamu. Kwa hivyo Bint wewe uliyesomea nguo zenyewe usijione mgeni.

#22 Kijiba
Nasoma kimya tangu asubuhi. Nyote mnamtuma akabuni, na hamumwambii atakavyoibiwa. Ukitundika gauni jipya Instagram Jumatatu, Alhamisi liko Darajani kwa nusu bei. Kabla hujatundika chochote kasajili jina na alama yako BRELA.

#23 Nipo_Muscat
BRELA ni Bara. Zanzibar ni BPRA. Na alama ya biashara ukiisajili upande mmoja haikulindi upande wa pili. Ukitaka kuuza Darajani na Kariakoo, sajili kote.

#24 Kijiba
Ndiyo hivyo hivyo, point yangu inabaki.

#25 Mama_Nasra
Kijiba, alama inalinda jina. Gauni lake litanakiliwa tu. Huku mtu anakwenda harusini na simu, anapiga picha mgongo wa mwenzake, kesho yuko kwa fundi. Utamshitaki nani, harusi nzima?

#26 FundiHaji
Na siku hizi hawapigi hata picha za harusini. Wananiletea za akili mnemba. Juzi kaja bibi na gauni ambalo mkono wa kulia una mshono, wa kushoto hauna. Shanga zimeelea hewani. Namwambia, mama, hili halina pa kuingilia, hata zipu haina. Ananijibu "lakini si umeliona?"

#27 Bint_Kikwajuni
Hilo linanitisha kuliko Shein. Nilichokuwa najivunia darasani ni mchoro. Sasa mtu anaandika sentensi moja anapata michoro ishirini kabla sijachonga penseli.

#28 Bi_Stara
Wakubwa wameshaanza. Levi's, wale wa jinzi, walitangaza 2023 kwamba watajaribu wanamitindo wa kompyuta, wakasemwa sana. Mango, kampuni ya nguo ya Hispania, 2024 wakatoa tangazo zima la wasichana wasiokuwepo duniani. Anayepoteza kwanza ni mpiga picha, mpambaji na mwanamitindo. Bibi wa Fundi Haji anakuonesha anayehitajika zaidi: mtu wa kuitazama picha ile na kusema hapa pawe na zipu, hapa pakatwe mshazari, kitambaa hichi hakitalala hivyo. Patani, mwanangu. Shika patani.

#29 Kijiba
Mpaka kompyuta nayo ijue patani. Programu za kukata patani na kumvisha mtu wa kwenye skrini zipo tayari, CLO kwa mfano.

#30 Bi_Stara
Zipo, na anayeziendesha vizuri ni aliyewahi kukata kwa mkono. Bint, chuoni mnaigusa?

#31 Bint_Kikwajuni
Tumeoneshwa kwenye ukuta kwa projekta. Kompyuta zetu hazikuiweza.

#32 DadaWaPaje
Turudi kwenye kuuza, maana ndilo swali. TikTok msiipigie magoti. Dukani kwetu tulitia video ya kukunja kanga ikaangaliwa na watu elfu arubaini. Waliouliza bei walikuwa wachache, na wengi wao wako Mwanza. Hali (status) ya WhatsApp wanaiona watu mia mbili, ila ni watu mia mbili wanaonijua kwa jina na wanaweza kufika kwa bodaboda. Na tafadhali, huo ugonjwa wa "bei njoo inboksi" uacheni. Andika bei. Anayekimbia bei angekimbia tu.

#33 Mali_ya_Mchangani
Hapo kwenye bei nakataa. Ukiiandika, jirani anashusha elfu mbili chini yako jioni hiyo hiyo. Mie duka langu lina miaka na sijabandika bei hata kwenye kipande kimoja.

#34 DadaWaPaje
Ndiyo maana vijana wanapita mlangoni kwako hawaingii, wanaogopa kuuliza.

#35 Mali_ya_Mchangani
Wanaopita hawana pesa.

#36 Mama_Nasra
Wallahi wazee wa Mchangani!

Mie nitie moja. Mwisho wa Oktoba 2025, siku za uchaguzi intaneti ilipozimwa, yule mtoto wa dada yangu alikaa siku zile hajui nguo zimpelekee nani, oda zote zilikuwa kwenye Instagram. Jirani yake mwenye daftari la mkono, majina, vipimo na namba, alipiga simu moja moja akamaliza kazi zake. Tangu hapo tumenunua daftari. Vipimo vya mteja ni mali, usiviache kwenye simu ya kampuni ya watu.

#37 KijanaWete
Na daftari likilowa?

#38 Mama_Nasra
Unanunua mawili.

#39 Kijiba
Hakuna aliyeligusa la ualimu. Bi mkubwa wake anataka mwalimu, yeye anataka nguo. Vituo vya mafunzo ya amali, Mwanakwerekwe, Mkokotoni, Vitongoji kule Pemba, vina fani ya ushonaji. Akiongeza cheti cha kufundisha ana mshahara na bado jioni anashona. Mama kapata mwalimu wake, mtoto kapata charahani.

#40 FundiHaji
Ataenda kufundisha watu wasiojua soko akiwa hajui soko. Ndivyo tulivyofika hapa. Kila mwaka wanatoka vijana na vyeti, hawajawahi kupokea suruali ikarudishwa mara mbili na mtu anafoka.

#41 KijanaWete
Fundi, na wewe vijana wanaokuja kujifunza kwako unawalipa?

#42 FundiHaji
Wanapata chai na ujuzi.

#43 KijanaWete
Jawabu la #1 limepatikana. Ajira zipo, mshahara ndio chai.

#44 Bint_Kikwajuni
Jamani nimecheka peke yangu bwenini.

Nilivyowaelewa mpaka sasa: Fundi anasema ni mkono, Kijana wa Wete anasema ni namba ya mnunuzi, Mchangani anasema ni bandari, Mama Nasra anasema ni daftari, Bi Stara anasema ni mfuko wa simu. Sijui nimuamini nani. Nnalofikiri ni kumaliza, nirudi, nianze na kitu kimoja tu, ile abaya ya daladala, nishone chache nizipeleke kwa watu wanaopanda daladala kweli, bila kumlipa mtu maarufu yeyote. Mtaji ndio sina. Charahani ya mama ipo, ya miguu, ovaloki sina.

#45 Bi_Stara
Anza na madada zako, uwauzie kwa bei kamili. Wakilipa bila kununa, bidhaa unayo.

#46 Mali_ya_Mchangani
Kitambaa njoo dukani. Ulizia, bei haikuandikwa.

#47 FundiHaji
Ovaloki njoo utumie yangu asubuhi kabla ya saa tatu. Umeme utachangia. Na wikendi za Ramadhani kama uko nyumbani njoo unisaidie kupindia, nitakulipa kwa kila nguo, huyu wa Wete asije akaniandika tena.

#48 KijanaWete
Shilingi ngapi kwa nguo? Iandike hapa hapa, Dada wa Paje kasema bei iandikwe.

#49 FundiHaji
Inboksi.

#50 Nipo_Muscat
Bint, hiyo abaya ukifika saizi kubwa niambie. Huku watu wenye asili ya Unguja wapo wengi na wanapenda kitu cha nyumbani. Nitahitaji sampuli mbili na bei ya jumla.

#51 KijanaWete
Mchuuzi huyo kaja! Bint, muulize kwanza yeye atauza kwa ngapi.

#52 Nipo_Muscat
Biashara haiendi hivyo, kijana.

#53 Kisonge_Leo
Sijasoma zote, ila jawabu ni moja tu: mtaji. Aende ZEEA, wakala wa uwezeshaji kiuchumi Zanzibar, akaulizie mkopo, mengine yatajipanga.

#54 Mama_Nasra
Rudi usome #6, kisha uniambie mkopo huo wa kununua hasara ataulipaje.

#55 Kisonge_Leo
Nimeisoma. Angekuwa na mtaji angenunua kitambaa kwa jora, mita isingefika 8,000. Bado nasema mtaji.

#56 Mali_ya_Mchangani
Hapo kwa jora kasema kweli. Jora zima nashusha.

#57 Mama_Nasra
Unashusha mpaka ngapi?